Nilijipima Masikio kwa Saa Iliyosimama

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na anayetaka kumsifu kwa sauti ya chini amsifu tu, siku hizi naisikia.

Tarehe tisa mwezi wa tatu mwaka 1996 nilimpoteza mume wangu, Baba Ndeshi. Alitoka asubuhi kupogolea kahawa, akarudi akasema kifua kinambana, na kabla uji haujapoa alikuwa ametuacha. Tulimzika hapa hapa Mwika, kwenye kihamba cha baba zake, shamba la ukoo, katikati ya migomba, karibu kabisa na jiko langu. Hayo mnayajua. Mlikuwepo, mlichota maji, mlipika, mlilia pamoja nami. Sitayarudia, na nikiyarudia sitamaliza. Nimesimama kueleza kilichofuata, ambacho wengi wenu mlikijua kabla yangu.

Kilichofuata ni kimya.

Ndugu zangu, mume wangu hakuwa mtu wa kimya. Alikohoa kabla ya kuingia ndani, na akiisha kuingia alikohoa tena ili tujue ameingia. Aligombana na mbuzi kama anagombana na watu wazima. Akinywa chai, mpita njia alijua kwamba ni ya moto. Mtu wa namna hiyo akiondoka, nyumba lazima inyamaze. Kwa hiyo iliponyamaza nilisema, basi, huu ndio ujane. Kuku wakanyamaza, nikasema hata kuku wanaomboleza. Masika ikanyesha juu ya bati bila kelele, nikasema Mungu ana huruma, mwaka huu anainyesha taratibu kwa ajili yangu. Kengele ya kanisa nayo ikanyamaza. Nilidhani imevunjika, na niliwaombea wazee wa usharika kila asubuhi wapate moyo wa kuitengeneza. Wazee mnisamehe! Ninyi mlikuwa mnaipiga.

Nami sikumwambia mtu. Ningemwambia nini? Kwamba huzuni imenijaa mpaka masikioni? Nilidhani kila mjane yuko hivyo.

Siku moja binti yangu Ndeshi alikuja kunitazama. Ndiye mtoto wangu wa pekee, anauza mitumba sokoni Moshi mjini na anaishi Njoro kwenye vyumba viwili vya kupanga. Aliniita tangu barabarani. Akabisha mlango mpaka mkono ukamuuma. Akazunguka nyuma, akakuta ng'ombe analia zizini kwa njaa, maharage yameungua, na kuku amesimama ndani ya sufuria nyingine anakula wali wa jana. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, nimewapa mgongo wote watatu, nachambua mboga.

Akanishika bega. Niliruka!

"Mama, husikii."

"Nasikia."

"Nimekuita mpaka majirani wameitika!"

"Nilikuwa naomboleza."

"Mama, mtu haombolezi mpaka kuku aingie kwenye sufuria." Akanishika mikono, akasogeza uso wake karibu, nikaona midomo yake yote. "Utaungua humu ndani peke yako. Mwisho wa mwezi nakuja na pikapu. Utakaa kwangu Njoro. Ng'ombe tutamuuza."

Ndugu zangu, hilo nililisikia vizuri kuliko yote. Kuondoka kihambani kwangu ilikuwa ni kumwacha mume wangu peke yake na migomba, yeye ambaye hakuweza hata kunywa chai bila mtu wa kumwambia kwamba ni ya moto. Nikamwambia Ndeshi, "Nitakuonyesha kwamba nasikia. Ukija na pikapu, nipime mwenyewe. Nikishindwa, nitapanda." Akakubali. Nadhani alikubali, maana alitikisa kichwa.

Basi nikaanza kutafuta namna ya kujipima. Na Bwana hamwachi mtu wake! Wiki ile ile nikawasha redio ya marehemu, nikaifungulia mpaka mwisho, nikaitegea sikio. Kulikuwa na kipindi cha afya. Mtaalamu akasema mtu anaweza kujipima masikio nyumbani. Chukua saa ya mkono, isogeze sikioni. Sugua vidole karibu na sikio. Kisha mtu asimame nyuma yako, anong'one maneno, nawe uyarudie. Kipindi kile nilikisikia mimi na kitongoji kizima. Jirani yangu Mama Kundaeli, yule pale ameinamisha uso, aliniambia baadaye kwamba jioni ile mume wake alikaa mlangoni anasugua vidole, na akamkataza kila mtu kusema mpaka amalize.

Nikaanza na saa. Nilitoa ya marehemu kwenye sanduku, nikaiweka sikio la kulia. Tik, tik, tik. Haleluya! Nikaihamishia la kushoto. Tik, tik, ya mbali kidogo, lakini ipo. Nilipiga magoti pale pale sakafuni nikamshukuru Mungu, nikaimba pambio moja lote. Nikainuka, nikaitazama ile saa ili nijue nimepona saa ngapi. Nikaenda kumkatia ng'ombe majani, nikamkamua, nikafua, nikarudi. Nikaitazama tena. Ilikuwa ile ile.

Ndugu zangu, ilikuwa saa ya kutia ufunguo. Mwenyewe aliitia kila asubuhi kabla ya kuvaa shati. Tangu alipolala hakuna aliyeigusa. Ilikuwa imesimama kwa miezi!

Nilisikia nini, basi? Sijui. Sitasema uongo mbele ya madhabahu. Labda ni moyo wangu. Nilitaka sana kuisikia saa yake, nikaisikia. Mtu akijipima mwenyewe anakuwa mwalimu na mwanafunzi kwenye dawati moja, na mtihani wa namna hiyo haujawahi kufelisha mtu.

Nikaenda kwenye vidole. Lakini vidole hivi vimechuma kahawa tangu nikiwa msichana. Nilipovisugua karibu na sikio, ng'ombe aligeuza kichwa. Nikasema hiki si kipimo, hiki ni msasa.

Ikabaki kunong'onezwa. Nikamwita Mama Kundaeli. Mnamjua. Huyu mama alipewa na Mungu sauti ya kumwita mbuzi aliye ng'ambo ya korongo. Nikamsimamisha nyuma yangu kwenye mibuni, nikageukia barabarani, nikamwambia anong'one.

"NDIZI!"

"Ndizi," nikasema.

"KAHAWA!"

"Kahawa."

"MCHUNGAJI!"

"Mama Kundaeli, nong'ona!"

"Mbona nanong'ona!"

Nikamwambia ashushe sauti. Nikasubiri. Nikasubiri tena. Nikageuka, nikamkuta midomo inatembea na machozi yanamtoka. Alikuwa amesema maneno mengi na mimi sijarudisha hata moja. Kumbe upendo wa watu wa Mwika ni mkubwa! Alipoona nimehuzunika alisema, "Turudie, mwenzangu, hapo upepo ulivuma," akapandisha sauti ikawa ile ya korongo. Mama mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa majani kichwani akadhani ni mashindano. Naye akasimama akawa anajibu kabla yangu. "Ndizi! Maziwa! Jembe!" Wakaja wengine. Mwishoni nilifaulu yote, na watu wote wa barabarani walifaulu pamoja nami, wakanipigia makofi.

Nililala nikiwa mtu aliyefaulu. Lakini moyoni nilijua. Watu hawawezi kumwona mjane anashindwa, watamsukuma kwa kila upande mpaka apite. Nami nilihitaji mtu mmoja tu asiyenihurumia, sikumpata.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipoanguka shimoni.

Shemeji yangu Elisaria, mdogo wake marehemu, anaishi kihamba kinachopakana na changu. Kumbe tangu tulipoanua matanga alikuwa akinisalimia njiani. "Shikamoo shemeji." Kimya. Kesho yake, "Shikamoo shemeji." Napita na jembe langu, macho chini. Ndugu zangu, mtu asipoitikia shikamoo katika nchi yetu, amekutangazia vita! Elisaria akaanza kujichunguza. Akakumbuka kwamba siku ya kuanua matanga alichinjwa ng'ombe, na yeye ndiye aliyegawa nyama. Kidari kilichopaswa kuja kwa mjane, katika ile purukushani, kikaenda kwa wakwe zake. Akasema, ni hicho! Shemeji amekasirikia kidari!

Mimi siku ile sikujua hata kama kulikuwa na nyama.

Akakosa usingizi. Hatimaye akafanya kama wazee wetu walivyofanya. Akakata tawi bichi la isale, akaja nalo nyumbani kwangu kuomba msamaha. Vijana wa siku hizi labda hamjui uzito wake. Mtu akikujia na isale mkononi, hata kama amekukosea vipi, humkatalii. Unalipokea, unasema neno la amani, yamekwisha. Elisaria akasimama uani, amevua kofia, akasema maneno marefu. Mke wake aliniambia baadaye kwamba aliyatunga siku mbili.

Mimi nilimwona anatikisa mkono kuelekea mpakani. Na mpakani kulikuwa na pengo, mbuzi walikuwa wamekula. Na mpaka wa kihamba tunaupanda kwa kitu gani? Kwa isale! Nikasema moyoni, jamani, shemeji ana moyo mzuri, ameona pengo ameniletea mche. Nikalipokea kwa mikono miwili. Nikasema, "Asante sana shemeji, nilikuwa nalihitaji hili." Akaniangalia. Nikachukua jembe. Nikaenda mpakani naye akinitazama, nikachimba shimo, nikalipanda katikati yangu na yeye, nikalishindilia kwa mguu.

Ndugu zangu! Mtu amekuja kuomba msamaha wa ukoo, nami nimeuchukua msamaha wake nikamwekea mpaka nao!

Elisaria alirudi kwake kichwa wazi, kofia akaisahau uani. Hakula. Jumapili hakuja ibadani. Watu wakaanza kunipisha njiani kama napita na kidonda. Mimi nilidhani wanaheshimu msiba.

Kesho yake, Jumatatu, Mama Kundaeli akaingia bila hodi. Au alibisha, sijui.

"Mama Ndeshi, umemfanyia nini shemeji yako?"

"Elisaria? Sijamfanyia kitu. Aliniletea mche."

"Na ule mche?"

"Nimeupanda. Umeshika vizuri."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akaweka mdomo kwenye sikio langu la kulia, akanieleza mambo yote tangu mwanzo, salamu, kidari, wakwe, msamaha, mpaka, kwa ile sauti. Alipomaliza, mimi nilikuwa nimeelewa, na Mwika yote ilikuwa imeelewa. Wakwe wa Elisaria wenyewe walipata habari za kidari siku ile, nasikia walitaka kukirudisha.

Nilikaa chini. Saa iliyosimama ilinidanganya, watu wa barabarani walinisaidia kudanganya, lakini isale halikunihurumia. Pale nilipimwa, na nilifeli. Nikasema kwa mdomo wangu, kwa mara ya kwanza, "Bwana, mimi sisikii." Sikuomba uponyaji. Sikuahidi kitu. Nilisema tu kweli ilivyo, na kifua changu kikafunguka nikalia, nami sikuwa nimelia vizuri tangu mazishi. Nawaambieni, ukombozi wangu ulianzia pale sakafuni, kabla ya dawa yoyote!

Nikakata isale langu mwenyewe, nikaenda kwa Elisaria. Nilimkuta ananoa panga. Watoto wake walikimbilia ndani. Nikalishika mbele yangu nikasema, "Shemeji, sijawahi kukukasirikia. Sisikii."

Akasema kitu.

"Sisikii, shemeji."

Akasema tena.

"Shemeji, hata hilo sijalisikia."

Akatazama panga, akatazama isale, akalitupa panga. Nikamwona anacheka, mabega yanatikisika. Nikamwona amefunika uso, na mabega bado yanatikisika, lakini si kwa kucheka tena. Alikuwa amempoteza kaka, akadhani amempoteza na shemeji. Akalipokea isale langu kwa mikono miwili, na hakulipanda popote.

Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali mjini. Nesi akaniangalia masikio kwa kurunzi, akamwita mwenzake naye aje kuangalia. Nikajua ni jambo kubwa. Akaniandikia, maana kuzungumza kulishindikana: *Mama, unasafisha masikio na nini?*

Nikamwambia na njiti ya kiberiti na pamba. Kila Jumamosi, nisije kanisani nikiwa mchafu.

Akamweleza Elisaria, na Elisaria akanieleza kwa mikono, akipiga ngumi kwenye kiganja: kila Jumamosi nilikuwa nashindilia. Nta ilijaa tangu zamani, na wakati wa msiba, kwa kuwa watu walikuwa wengi na nilitaka kuwa safi, nilishindilia zaidi. Nikapewa mafuta ya kutia kwa siku kadhaa ilainike, nikarudi tena. Wakavuta maji ya uvuguvugu kwa bomba lisilo na sindano, wakayasukuma sikioni. Nilihisi dunia inazunguka. Kikatoka kitu kikaanguka kwenye bakuli, cheusi, kigumu, kama buni iliyosahauliwa juani.

Na nikakisikia kinaanguka!

Ndugu zangu, nilisikia maji yanadondoka. Nilisikia viatu koridoni. Nikasikia mtu anapiga kelele, "Bwana asifiwe! Bwana asifiwe!" nikageuka kumtafuta asiye na adabu hospitalini. Nesi akaniambia kwa upole, "Mama, ni wewe. Sasa unaweza kushusha sauti."

La kushoto nalo lilisafishwa, lakini halikurudi lote. Walilipima kwa uma wa chuma unaolia, wakasema lile ni uzee, halina nta wala halina dawa. Kuna ndugu mmoja alinishauri niseme kwamba yamefunguka yote mawili, ushuhuda upendeze. Nimekataa. Bwana aliyenipa moja na nusu hahitaji niongezee nusu ya uongo.

Basi nawashukuru ninyi nyote, mlionipisha njiani na mlionijibia kwenye mibuni. Namshukuru shemeji yangu mbele yenu. Na wewe ndugu uliyekaa hapa, unayetikisa kichwa kwa maneno usiyoyasikia, iwe ya daktari, ya mke wako au ya Mungu, usiogope! Mwambie Bwana ukweli wako ulivyo. Mwamini. Kisha panda gari uende hospitali, maana mikono ya kule nayo ni yake. Na njiti za kiberiti uziachie moto.

Nimalize kwa siku ile Ndeshi alipokuja.

Alikuja na pikapu kweli, mwisho wa mwezi, kama alivyosema. Mimi nilikuwa nyuma ya migomba. Nikamsikia anamwambia dereva kwa sauti ya chini, "Usizime gari. Mama yangu ni mbishi, tutambeba tu."

Nikaita kutoka huko huko, "Zima gari, mwanangu! Moshi unaniingilia kwenye nguo nilizoanika!"

Mlango wa gari ukabamizwa. Akaja mbio. Akanisimamisha kisimani, akaenda nyuma ya jiko, akanong'ona, nikajibu. Akasogea mbali zaidi, akanong'ona, nikajibu. Hakunihurumia, alifika mpaka barabarani. Halafu akarudi, akanikumbatia, akasema, "Basi mama, umeshinda. Kaa na kihamba chako." Akasema aende kumsalimia baba yake kaburini kabla ya kuondoka.

Nikamwacha aende peke yake. Nilikuwa jikoni namfungia maziwa. Akainama pale kaburini, akazungumza polepole, hakujua sikio la kulia limefika wapi.

"Baba," alisema, "mama amepona. Nimefurahi, lakini nilishatandika kitanda chake. Kule Njoro nikirudi sokoni hakuna mtu wa kusema naye. Sikumwambia."

Nilisimama na kile kibuyu cha maziwa mkononi. Kisha nikavuka mpaka, nikamwomba Elisaria amtazame ng'ombe kwa wiki mbili tatu. Nikarudi nikavaa viatu vya ibada, nikafunga mlango. Dereva alikuwa ameshawasha gari. Nikafungua mlango wa pikapu, nikamwambia Ndeshi asogee katikati, mimi nikakaa dirishani, yeye akawa upande wa sikio langu zima.

Alisogea. Tulishuka mpaka Himo. Tulipokwisha kupita Himo, akaanza kunieleza, nami nikamsikiliza.